JINA NA WENZAKE: SABABU GANI TUNASEMA "KITABU YANGU"?



Katika bulletini hii kunatokeaka habari za mupira, za korali na za mitihani. Leo tuongee kidogo juu ya ile lugha tunayosema kila siku pa lupango na kuiacha mulangoni tukiingia mu kalasi. Nataka kueleza jambo moja tu: namna jina linavyotembea na wenzake. Kwa Kifaransa mwalimu anaandika pa tablo "groupe nominal". Kwa Swahili tuseme tu jina na wenzake, ni kusema maneno yanayolifuata au kulitangulia: lenye kuonyesha (hii, ile), lenye kusema mwenye kitu (yangu, yako, ya mwalimu), lenye kusifu (kubwa, mubaya), na la hesabu.

Kwa nini tupoteze karatasi kwa jambo hili? Angalia. Shaba yetu inatoka hapa kwa magari makubwa, inapita Kasumbalesa, inafika mpaka bandari ya Dar es Salaam. Madereva wengi ni Watanzania. Mutu wa Kolwezi anamwambia dereva: "Ndugu, kitabu yangu iko wapi?" Dereva anacheka polepole, anamjibu: "Kitabu changu kiko wapi." Na sisi wenyewe tunarudi nyumbani na neno moja mudomoni: Swahili yetu haina gramere, ni kuchanganya tu. Nimelisikia neno hili hata kwa wenzetu wanaojifunza pedagojia, na hao njo watakaosimama kesho mbele ya watoto wa mwaka wa kwanza wa primere. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaweka lugha zetu za taifa kati ya lugha za kufundishia. Basi mutoto atasema "kalamu yangu", ataambiwa vizuri. Atasema "kiti yangu", ataambiwa hajui kusema. Mutoto yule atafikiri nini juu ya lugha ya mama yake? Afazali tufungue jambo hili, tuone ndani kuko nini.

Tuanze na jina lenyewe. Lugha zetu, tangu Kameruni mpaka Afrika ya Kusini, zinagawanya majina kwa makundi, na kila kundi lina alama yake mbele. Wenye kuandika sarufi wanayaita ngeli. Mjerumani mmoja, Wilhelm Bleek, aliyefanya kazi Cape Town, ndiye aliyezipa ngeli hizi namba katika kitabu chake cha mwaka 1862, na mpaka leo wataalamu wanahesabu kwa kufuata njia yake. Ngeli ya 1 ni "mtu", ya 2 "watu", ya 7 "kitu", ya 8 "vitu", na kadhalika.

Hapa kwetu tunasema mutu na batu, kitu na bitu. Wengine muntu na bantu, kintu na bintu. Mutu wa pwani akisikia "batu" anafikiri tumeharibu "watu". Lakini uliza Mubemba, atakuambia "abantu". Uliza Muluba na Musanga, watakuambia "bantu". Ba ni alama ya zamani katika lugha nyingi sana za jamaa hii, na katika Swahili ya pwani sauti ile ya b imelegea ikawa w. Kwa hiyo hapa hatukuharibu kitu. Na tunaitumia kwa nguvu: bamama, bapolisi, na hata neno la Kifaransa tukilichukua leo asubuhi, jioni limekwisha kuvaa ba. Wenye kuchimba kwa mikono wanaitwa "bacreuseur", na hakuna mutu aliyefundishwa kusema hivyo katika kalasi.

Sasa angalia jambo ambalo lilinifurahisha sana. Chukua kitabu cho chote cha Swahili sanifu kinachohesabu ngeli kwa namba za wataalamu. Utaona 9, 10, 11, halafu anaruka mpaka 14. Namba 12 na 13 ziko wapi? Hazipo. Ngeli ya 12 ni ka, ya 13 ni tu, na sanifu haikuziweka. Sanifu ikitaka kusema kitu kidogo inatumia ki: kitoto, kijumba, kijiti. Lakini pa Kolwezi, nani asiyesema katoto na tutoto, kanyumba na tunyumba? Kibemba wanazo pia, wanasema "akana" kwa mutoto mudogo, na "utwana" wakiwa wengi. Waluba wanazo, Wasanga wanazo. Zile namba zilizopotea mu vitabu zinatembea hapa mu barabara zetu bila shida.

Vilevile namba 11 na 14. Sanifu imezichanganya zote mbili zikawa u: ukuta, ugali, udongo. Sisi tunaziachanisha bado. Tunasema lupango, kwa lu. Tunasema bukari na bulongo, kwa bu. (Ukitaka kuona lu, angalia mito yetu kwenye ramani: Lualaba, Lufira, Lubudi.)

Basi, kwa upande wa jina lenyewe, sisi si maskini hata kidogo. Ugumu unakuja kwa wenzake.

Katika sanifu jina ni kama mukubwa wa kazi: likivaa ki, wote nyuma yake wanavaa rangi ileile. "Kitabu changu kile kikubwa kimoja." Wakiwa wengi: "Vitabu vyangu vile vikubwa viwili." Kila mutu kavaa uniforme. Kwetu mutu atasema: "Ile kitabu yangu kubwa moja", na wakiwa wengi "Ile bitabu yangu mbili", au "Bile bitabu yangu". (Najua, wengine wenu mutasema hapa hatusemi kitabu, tunasema buku. Sawa, lakini kiti na kisu mutazikimbilia wapi?)

Watu wanaona hapo machafuko. Mimi naona kanuni, na kanuni yenyewe ni rahisi kuifuata. Angalia hayo maneno: yangu, ya, hii, ile. Yametoka wapi? Hatukuyatunga sisi. Yote ni maneno ya sanifu. Katika sanifu mutu anasema "nyumba yangu", "kazi ya leo", "meza hii", "barua ile". Hiyo ni ngeli ya 9. Kolwezi imechukua wenzake wa ngeli ya 9, ikawapa kazi ya kufuata karibu majina yote ya vitu.

Kwa nini ngeli ya 9 na si nyingine? Fanya hesabu mwenyewe. Katika sanifu kabisa, ile ya Zanzibar, "nyumba yangu" ni ngeli ya 9. "Miti yangu" ni ngeli ya 4. "Majina yangu" ni ngeli ya 6. Ngeli tatu mbalimbali, na zote tatu zinasema "yangu"! "Ile" pia ina nyumba mbili: "nyumba ile" na "miti ile". Ongeza tena majina ya jamaa: baba yangu, mama yangu, ndugu yangu, rafiki yangu; hao ni watu, wangepashwa kusema "wangu", lakini sanifu nayo inawaacha na "yangu". Ongeza tena maneno ya wageni. Sanifu ikipokea neno jipya, mara nyingi inalipeleka hukohuko ngeli ya 9: redio yangu, benki ile, baiskeli hii. Mutu anayejifunza Swahili akiwa mukubwa, mu kazi, anasikia "yangu" kila upande. "Changu" anaisikia nyuma ya ki peke yake. Akipashwa kuchagua neno moja la kutumia pahali pote, atachagua lipi? Mimi ningechagua "yangu", na wewe pia.

Na watu waliojifunza Swahili wakiwa wakubwa, hapa kwetu, hawakuwa wachache. Swahili ilifika Katanga kwanza na wafanya biashara wa wakati wa M'siri, mufalme wa Bunkeya aliyeuawa mwezi wa 12 mwaka 1891, naye jamaa yake ilitoka Unyamwezi. Lakini kilichoikuza ni migodi. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, ikaita watu wa kazi kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, na kutoka Rwanda na Urundi. Mu kambi moja Muluba alikaa mulango kwa mulango na Mubemba, Musanga na Munyarwanda. Swahili haikuwa lugha ya mama ya hata mumoja wao. Lakini wote walikuwa na ngeli mu lugha zao, na mu, ba, ki, bi ni alama walizozijua tangu maziwa ya mama. Kwa hiyo alama za jina zilibaki imara. Wenzake wa jina njo waliopunguzwa.

Angalia pia kwamba hawakupunguzwa wote sawasawa. Watu na vitu vidogo wanalinda mavazi yao kuliko vitu vingine. Tunasema "mutu mukubwa, batu bakubwa", "bale batu", "batoto babili". Tunasema "kale katoto", "tule tutoto". Hapo wenzake wanafuata kama askari. Kwa vitu vya kawaida tunalegea: mumoja atasema "kitu kikubwa", mwingine "kitu kubwa", na hakuna atakayegeuka kumutazama. Na kuko maneno mawili matatu yaliyoganda kabisa. "Mingi" ni moja: batu mingi, bitu mingi, makuta mingi. "Muzuri" ni lingine: "ile kitu iko muzuri". Mu ya "muzuri" ilikuwa alama ya mutu, sasa haihesabiwi tena kuwa alama, imekuwa sehemu ya neno.

Mutu wa sanifu asitucheke haraka, kwa sababu naye ana wake walioganda. Mwambie ahesabu vitabu: vitabu vitatu, vitabu vinne, vitabu vitano, halafu? Vitabu sita. Vitabu saba. Vi imekwenda wapi? Kisha inarudi: vitabu vinane. Halafu inapotea tena: vitabu tisa, vitabu kumi. Sita, saba na tisa zilitoka Kiarabu, hazikukubali kuvaa kitu. Na maneno kama safi, rahisi, ghali, kamili, bora: mtu safi, kitu safi, vitu safi, maji safi. Hakuna anayesema kwamba Zanzibar hawana gramere kwa sababu ya "safi".

Na neno "kitabu" lenyewe? Ni la Kiarabu, "kitab". Ki yake haikuwa ngeli hata kidogo, ilikuwa mwanzo wa neno tu. Waswahili wakaisikia kama ki ya kitu na kiti, wakatoa "vitabu". Kama wao waliruhusiwa kufanya hivyo kwa Kiarabu, sisi nasi turuhusiwe kusema "bacreuseur".

Tutoke kidogo inje ya Afrika. Kwa Kifaransa tunajifunza kwa jasho: mon cahier, ma maison, mes cahiers. Mwenye kitu anabadilika kufuata jina, sawa na "changu" na "yangu". Lakini Mwingereza anasema "my book, my books", na "my" haisogei. Hakuna mwalimu anayesema Kiingereza hakina kanuni. Na mbali zaidi, katika kisiwa cha Bali, nchi ya Indonesia, nyumba wanaita "umah", na kubwa wanaita "gede". Nyumba kubwa ni "umah gede". Jina halina ngeli, na neno la kusifu halivai kitu. Lakini wakitaka kusema ile nyumba inayojulikana, wanatia e nyuma ya jina: "umahe". Na nyumba yangu ni "umah tiange": jina kwanza, kisha "tiang", ndiyo mimi, na ile e inakwenda kukaa mwisho wa wote. Ukiibandika pahali pengine umeharibu. Hakuna kupatana kwa ngeli hata kidogo, lakini kanuni iko, tena kali: iko ndani ya mpango wa maneno.

Na sisi tuna mpango wetu. Sikiliza batu pa soko. Wengi wanaanza na lenye kuonyesha, kisha jina, kisha mwenye kitu: "ile nyumba yangu", "bale batoto ya masomo". Ukisema "nyumba yangu ile" utasikilika, lakini utasikilika kama mutu aliyetoka kusoma. Sanifu inaruhusu njia zote mbili. Kwa pahali nako tuna njia yetu: sanifu inatia ni mwisho wa jina, na wenzake wanabadilika, "nyumbani mwangu", "nyumbani kwangu", "nyumbani pangu". Sisi tunatia neno mbele: "mu nyumba yangu", "ku nyumba yangu". Jina linabaki lilivyo, na "yangu" inafuata nyumba, haifuati mu. Njo namna Wabemba wanavyofanya pia wakisema "mu ng'anda".

Haya si maneno niliyoyavumbua mimi. Kazi ya kuandika sarufi ya Swahili ya Kongo ilianza zamani, na wa kwanza kati yao kuko mumisionari wa Kiprotestanti, John Whitehead, aliyekaa Wayika pembeni ya Lualaba. Mwaka 1928 kulitoka kule kitabu cha "Manuel de Kingwana". Mwaka 1968 Edgar Polomé aliandika juu ya Swahili ya Lubumbashi peke yake, sauti zake na ngeli zake, kama unavyoandika juu ya lugha yo yote. Kabla yake kidogo, mwaka 1965, chama cha wazee waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu kilitoa historia ya muji wao, Elisabethville, na André Yav ndiye aliyeiandika. Hawakuiandika kwa Kifaransa, wala kwa sanifu. Waliiandika kwa Swahili hii, na mashini ya kuandika, na Johannes Fabian akaitoa tena katika kitabu mwaka 1990. Wazee wale walikuwa na habari nzito ya kusema, ya mishahara, ya mabwana wao na ya muji ulivyojengwa, na "yangu" na "ile" ziliwatosha kabisa.

Sasa musinielewe vibaya. Sisemi tuandike barua ya kuomba kazi Dodoma kwa kusema "kitu yangu". Biblia inayosomwa kanisani inasema "watu" na "vitu". Mutangazaji wa redio ya Tanzania anasema hivyo. Anayetaka kufundisha, kutafsiri au kufanya biashara mpaka pwani, anapashwa kuijua sanifu vizuri, bila kubahatisha. Lakini njia ya kuijua ni fupi kuliko tunavyofikiri, kwa sababu tofauti si kila pahali. Ukianza na mutu, batu, bitu na butoto, geuza tu: m, wa, vi, u. Hiyo inaingia kichwani siku moja. Kazi yote iliyobaki iko kwa wenzake wa jina, na zaidi kwa neno moja, ya. Ukimaliza kuandika sentensi, rudi nyuma, tafuta kila "ya", kila "yangu", kila "ile", uulize: jina lililo mbele lina alama gani? Kama ni nyumba, miti au majina, acha "yangu", iko sawa. Kama ni ki, andika "changu". Kama ni vi, "vyangu". Kama ni nyumba nyingi, usiseme "manyumba yangu" kama pa lupango, sema "nyumba zangu". Kama ni mtu asiye jamaa, "wangu", na ujihazari na "kiongozi": ana ki mbele, lakini ni mutu, kwa hiyo ni "kiongozi wetu", na wengi "viongozi wetu". Hapo hata Watanzania wenyewe wanafundishwa.

Kwa wale watakaofundisha primere, naomba neno moja zaidi. Mutoto akisema "kiti yangu", usimwambie "hapana gramere". Mwambie: "Nyumbani tunasema kiti yangu, katika kitabu tunaandika kiti changu." Atashika zote mbili, kama vile anavyoshika namna ya kuongea na rafiki yake na namna ya kuongea na babu yake.

Kunabaki jambo moja ambalo halijatulia, nalo nawaachia ninyi. "Batoto bangu" au "batoto yangu"? Zote mbili zinasikika hapa muji. Anayesema "bangu" anaacha wenzake wafuate jina kama zamani. Anayesema "yangu" amewapeleka hata watu mu ile ngeli ya 9. Ni nani anayesema nini? Wazee au vijana? Kambi za zamani za Gécamines au kartie mpya? Wiki hii chukueni kaye, mukienda pa soko ao pa mupira, sikilizeni bila kusema kitu, muandike mistari miwili: "bangu" upande huu, "yangu" upande ule, na umri wa aliyesema. Mulete hesabu zenu kwa wenye kutengeneza bulletini, tutazitia katika namba inayokuja.